Mteremko nyuma ya nyumba: mawe makavu, mawe ya kujengea, au mimea?

Kupata kiwanja tambarare Pemba ni bahati ya mtu. Kisiwa kizima ni vilima na mabonde, na ukipita Chake Chake, Wete au Mkoani utaona nyumba zimekaa mgongoni mwa kilima: mbele njia, nyuma ardhi inashuka kuelekea bonde la mpunga. Mbele hupigwa rangi na kupandwa maua. Nyuma hubaki udongo mtupu, mfereji uliochimbwa na mvua za masika, na kamba ya nguo. Unguja nako wapo wenye shida hii, hasa waliojenga kwenye miinuko ya upande wa magharibi, kama pembezoni mwa Masingini. Wa Makunduchi na Jambiani wana kesi nyingine: kwao ni sawa kote, lakini ni jiwe juu ya jiwe.

Anayetaka kuugeuza uwanja huo wa nyuma uwe mahali pa kukaa na kupanda hukutana na ushauri wa namna tatu. Mmoja atamwambia apange mawe makavu, yaani bila saruji wala chokaa. Mwengine atamwambia ajenge ukuta wa mawe kwa saruji au chokaa. Wa tatu atamwambia asihangaike na mawe, apande majani na miti, ardhi itajishika yenyewe. Wote watatu nimewahi kuwaona wakiwa sahihi, ila si kwenye uwanja mmoja.

## Vitu vya kupima kabla ya kumwita fundi

Ukali wa mteremko. Funga kamba kwenye kigingi usawa wa ardhi, upande wa juu. Ivute mita nne kuelekea chini hadi kwenye fito iliyosimama wima, uisawazishe kwa pimamaji, kisha pima kutoka kwenye kamba hadi ardhini. Ikiwa ni chini ya sentimita 60, mteremko wako ni mpole. Kati ya sentimita 60 na mita moja na nusu ni wa wastani. Zaidi ya hapo ni mkali, na njia moja peke yake huenda isitoshe. Mipaka hii naitumia kwa kukadiria tu, lakini inasaidia kuacha kubishana kwa macho.

Maji. Hili ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si ya ajabu, linamwaga lita 5,000, yaani tani tano za maji. Yote hayo yakianguka nyuma ya nyumba yanatafuta njia ya kushuka, na yakikuta ukuta yatausukuma. Mvua ikinyesha toka nje utazame: yanaanzia wapi, yanakusanyika wapi, yanatokea kwa nani. Jirani wa chini ana haki ya kutoletewa maji yako yote kwenye mlango wake mmoja. Ni bora mkazungumza mapema, na sheha akajua, kuliko kuitana kwake baadaye.

Udongo. Lowesha konzi ya udongo uusokote. Ukitoka kamba nyembamba isiyokatika, una udongo wa mfinyanzi. Huo hunywa maji, ukavimba, ukakauka na kupasuka, kwa hiyo unasukuma ukuta kila mwaka. Ukimomonyoka mkononi ni wa kichanga: unapitisha maji vizuri lakini unachukuliwa upesi.

Unataka nini pale. Watu huanza na "nataka papendeze", nayo haisaidii kuchagua. Mwenye mikarafuu anahitaji uwanja mpana ulio sawa wa kutandika majamvi na kuanika. Mwenye familia kubwa anataka mahali pa kuweka masufuria ya shughuli na kukaa watu siku ya hitima au harusi. Mwengine anataka mboga karibu na jiko tu. Anayehitaji uwanja ulio sawa atafika kwenye mawe, apende asipende. Anayetaka udongo usitoroke ana nafasi ya kuchagua.

Fedha na mikono. Si kiasi tu, bali zinapatikana vipi: kwa mkupuo, au kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi? Na nani atakayekuwapo nyumbani kupalilia na kuzibua?

## Mawe makavu

Ujenzi. Ni mawe yaliyopangwa bila kitu cha kuyagandisha, yakishikana kwa uzito wake. Ufundi huu si mgeni visiwani. Makonde ya uwandani kusini mwa Unguja yamezungushiwa kuta za namna hii kuzuia nguruwe. Tofauti ni kwamba ukuta wa konde unasimama wazi pande zote mbili, na wa mteremko unabeba kilima mgongoni. Kwa hiyo haupangwi kama uzio.

Chimba mtaro wa sentimita 20 hadi 30 hadi ukute udongo mgumu. Chini, upana wa ukuta uwe angalau nusu ya kimo chake. Mawe makubwa yatangulie. Kila jiwe likae juu ya mawili, si jiwe juu ya jiwe moja, ili mwanya usipande moja kwa moja kutoka chini hadi juu. Ukuta uinamie kilima kwa kiasi cha sentimita 10 kwa kila sentimita 60 za kimo. Na hapa mafundi wenye haraka hukwepa kazi: kila baada ya hatua moja au zaidi kidogo liwekwe jiwe refu linaloingia ndani kabisa kuelekea kilimani. Mawe hayo marefu ndiyo yanayoufunga ukuta usifunguke tumbo. Nyuma yake jaza kokoto na vipande vya mawe, upana wa sentimita 20 hadi 30, ndipo urudishe udongo. Kimo cha ukuta kisizidi mita moja.

Maji. Hapa ndipo penye sifa yake kubwa. Maji yanapita katikati ya mawe popote yatakapo, kwa hiyo hayapati nafasi ya kukusanyika na kusukuma. Kwa udongo wa mfinyanzi sifa hii ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ardhi ikicheza kidogo ukuta nao unacheza kidogo, bila kupasuka.

Gharama. Hakuna saruji, na mchanga ni kama hakuna. Hilo si dogo visiwani, ambako mchanga ni rasilimali yenye ukomo na uchimbaji wake unasimamiwa na serikali. Fedha inakwenda kwenye mawe, kuyasafirisha na siku za kazi. Njia hii inataka mawe mengi, tena yaliyochaguliwa. Wa Unguja mashariki ameyakalia. Wa Pemba ya vilima vya udongo mwekundu atalipia gari. Ukuta unaweza kujengwa kipande kwa kipande, mwaka huu mita tano, mwakani tano nyingine. Mawe yawe ya nchi kavu. Tumbawe hai la baharini halichimbwi, ni mazalio ya samaki na sheria hairuhusu.

Matunzo. Jiwe likidondoka linarudishwa. Ng'oa mapema miche ya jamii ya mkuyu inayoota kwenye nyufa, kwani mizizi yake ikinenepa inafungua ukuta wowote. Watu huuliza kuhusu nge, tandu na nyoka, nao hawakosei, mianya ni nyumba. Inasaidia kuziba matundu makubwa ya mbele kwa vijiwe na kufagia taka za majani chini ya ukuta. Mwenye watoto watambaao afikiri mara mbili.

Mimea. Mianya yenyewe ni vitalu. Mrehani hukaa vizuri juu ya ukingo, kwenye jua na udongo usiotuamisha maji, na asumini ikiachwa itaangukia mbele na kufunika mawe.

Anayefaa. Mwenye mteremko mpole au wa wastani, mawe ya karibu, subira, na fundi aliyewahi kupanga mawe ya kubeba udongo. Fundi wa matofali pekee hafai kwa kazi hii hata akiwa hodari.

## Mawe ya kujengea, kwa saruji au chokaa

Ujenzi. Msingi unakwenda chini zaidi, hadi ardhi isiyoguswa, na hakuna kujenga juu ya kifusi kilichomwagwa mwaka jana. Saruji kwa mchanga, moja kwa nne, ni mchanganyiko wa kawaida. Chokaa kwa mchanga, moja kwa tatu. Mchanga wa pwani usitumike: mbali na sheria, chumvi yake huchomoza juu ya ukuta kama unga mweupe na hulisha kutu nondo. Ukuta wa saruji unyeshewe maji wiki nzima.

Chokaa ina mashabiki wachache siku hizi, ingawa kuta za mawe na chokaa zimesimama kwenye magofu ya Ras Mkumbuu, Pemba, kwa karne nyingi. Inakauka polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, kwa hiyo haijengewi wakati wa masika. Kipupwe kinaifaa zaidi. Ni dhaifu kuliko saruji, lakini inavumilia ardhi kucheza na inaruhusu unyevu kutoka. Wanaotengeneza nyumba za Mji Mkongwe wanalijua hili vizuri: plasta ya saruji ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka. Kwenye ukuta wa bustani ulio chini ya mita moja chokaa inatosha. Kwa mrefu zaidi, saruji.

Ninaposema mrefu zaidi, sisemi mita tatu. Msukumo wa udongo hauongezeki sawasawa na kimo. Ukuta wa mita mbili haubebi mara mbili ya ukuta wa mita moja. Hubeba mara nne. Ndiyo maana kuta mbili fupi, zenye ngazi ya ardhi kati yake, mara nyingi ni salama kuliko moja ndefu. Zisikaribiane lakini. Nafasi kati yake iwe angalau mara mbili ya kimo cha ukuta wa chini, la sivyo ule wa juu unaugandamiza wa chini na ardhi inazihesabu kama ukuta mmoja. Ukipita mita moja na nusu mwite mhandisi, na uulizie kibali cha ujenzi.

Maji. Huu ndio udhaifu wake. Ukuta uliozibwa ni bwawa. Yatiwe mabomba ya sentimita tano chini ya ukuta, kila mita moja na nusu hadi mbili, yakiinamia nje, na nyuma yake kokoto kutoka chini hadi karibu na juu. Kuta nyingi zilizolala kifudifudi baada ya mvua kubwa hazikukosa saruji. Zilikosa matundu, au matundu yalikuwapo lakini nyuma yake palijazwa udongo mtupu ukayaziba msimu wa kwanza.

Gharama. Kubwa kuliko zote, tena ya mkupuo: saruji, mchanga, kokoto, mawe, fundi na wasaidizi wake. Ukuta wa saruji ulioachwa nusu ni hatari, kwa sababu nyuma kilima kimekwisha kukatwa na mvua haisubiri mshahara.

Matunzo. Kidogo, hadi siku yakitokea makubwa. Zibua mabomba kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukiona ufa unaopanuka au tumbo linachomoza, punguza udongo wa nyuma kabla ya kufikiria kupaka plasta.

Mimea. Chokaa na saruji mpya hubadilisha udongo wa karibu, na mimea inayopenda udongo wenye asidi haifurahi hapo. Nanasi ni mmoja wao, mkarafuu mwengine. Wapandwe hatua kadhaa kutoka ukutani. Mlangilangi nao uwekwe mbali, kwa sababu nyingine: ni mti mkubwa. Kwa upande wa raha, njia hii inashinda, kwani ukuta ukiishia sentimita 45 juu ya ardhi ya nyuma na ukasakafiwa juu, tayari una baraza ya kukalia jioni.

Anayefaa. Anayehitaji uwanja ulio sawa kweli kweli, mwenye kiwanja chembamba kisicho na nafasi ya kuta kuinama, na mwenye fedha ya kumaliza kabla ya mvua.

## Mimea peke yake

Ujenzi. Kazi kubwa ni kuchora mistari. Tafuta mistari iliyo sawa kuvuka mteremko, kwa fremu A (fito tatu zilizofungwa kama herufi A, zenye timazi katikati) au kwa mpira uliojazwa maji, weka vigingi, panda kufuata vigingi. Mstari ukienda mrama hata kidogo unageuka mfereji.

Kwenye mistari hiyo, nyasi za vetiva ndizo zilizojaribiwa zaidi duniani. Mizizi yake haitambai, inashuka wima, mita tatu au zaidi. Shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, na mstari mmoja hadi mwengine ardhi iwe imeshuka kama mita moja. Aina zinazopandwa kwa kazi hii hazizai mbegu, basi hazitavamia shamba la jirani. Kasoro yake ni kivuli: chini ya mwembe au mikarafuu iliyofungana vetiva hudhoofika. Hapo tumia mchaichai, ambao mizizi yake ni mifupi lakini unavumilia kidogo zaidi na unaingia kwenye chai.

Kati ya mistari panda nanasi kwa kufuata mistari ile ile, tangawizi au manjano sehemu za kivuli, mstafeli au mdalasini mmoja mmoja. Migomba iteremshe chini kabisa, maji yanakokusanyika. Mizizi yake ni ya juu juu na mzigo wake mkubwa, na kwenye mteremko mkali huanguka na bonge la udongo. Muhogo na viazi vitamu hufunika ardhi vizuri, kisha siku ya kuvuna unaichimbua yote. Kwenye mteremko mpole hakuna neno, kwengine viachwe.

Maji. Mimea haiyazuii maji, inayachelewesha. Udongo unaochukuliwa unanasa kwenye mstari wa nyasi, na baada ya miaka kadhaa ngazi inajijenga yenyewe bila jembe. Ila maji ya paa hayaachiwi mimea. Yapitishwe kwenye bomba au mtaro wa mawe hadi bondeni, au yakingwe kwenye tangi.

Gharama. Ndogo kuliko zote. Miche ya vetiva hugawanywa kutoka shina moja, mchaichai huombwa kwa jirani, na vigingi vya mti wa gliricidia huota vyenyewe vikichomekwa wakati wa mvua. Unacholipa ni muda.

Matunzo. Na muda huo ndio mtihani. Panda mwanzo wa masika, na utasubiri hadi msimu wa pili wa mvua ndipo mistari ifungane. Kabla ya hapo ardhi iko wazi, basi itandaze makuti na majani ya migomba, na ulaze makumbi ya nazi kufuata mistari. Mbuzi wafungwe. Baadaye kata nyasi zibaki sentimita 30 hadi 40, zitoe machipukizi.

Anayefaa. Mwenye eneo kubwa, fedha kidogo na mtu wa kukaa nyumbani. Haimfai anayetaka mahali pa kuweka viti.

Kuna jambo moja linalozihusu njia zote tatu. Ikiwa kuna mkarafuu au mwembe mkubwa kwenye mteremko, usiufukie shina kwa kujaza udongo ili uwanja uwe sawa. Mizizi inakosa hewa na mti hufa polepole, hata baada ya mwaka au miwili. Pindisha ukuta uuzunguke. Isitoshe, mkarafuu haukatwi bila ruhusa.

## Kwa hali yako

Ikiwa unaanika karafuu na mteremko ni wa wastani, jenga ngazi moja tu iliyo sawa karibu na nyumba, kwa mawe ya kujengea ikiwa nafasi ni finyu au mawe makavu ikiwa ipo. Sehemu iliyobaki chini iachie vetiva na miti. Mchanganyiko huu ndio ninaoupendekeza mara nyingi kwa Pemba, kwani wachache wanahitaji zaidi ya ngazi moja ya kukaa.

Mwenye mteremko mpole na mfuko mwepesi aanze na mimea masika yajayo, akikusanya mawe pembeni. Miaka miwili baadaye atakuwa anajua maji yanapita wapi, na huenda akagundua ukuta hauhitajiki.

Nyumba yenye udongo wa mfinyanzi na nyufa za kiangazi iegemee mawe makavu au mimea. Mwenyewe akilazimika kutumia saruji, atie matundu mengi zaidi na tabaka pana la kokoto.

Kwa wazee wanaokaa peke yao, ukuta mfupi wa kujengea wenye baraza na ngazi za kupanda zisizozidi sentimita 15 kila moja utawapumzisha kuliko bustani ya kupalilia. Mpangaji asijenge kitu. Mchaichai na mrehani vinatosha.

Ikiwa mteremko ni mkali na nyumba, au karo la choo, liko mita chache kutoka ukingoni, mhandisi atangulie, fundi afuate. Hapo swali la bustani linasubiri.

Na anayetuma fedha kutoka mbali, Unguja mjini au Muscat, huku kazi ikisimamiwa na ndugu, ajihadhari na ukuta mrefu wa saruji, kwa sababu ubora wake uko mahali pasipoonekana. Akiamua hivyo hivyo, aombe picha za nyuma ya ukuta, kokoto na mabomba yakionekana, kabla ya kutoa fedha ya kurudishia udongo.